Kuku Aliyeandikishwa Chekechea

Mwenyekiti wa kitongoji chetu nikikutana naye njiani simuulizi habari za nyumbani. Namuuliza habari za korosho. Nauliza kwa sauti ili watu wasikie, hata kama ni mwezi wa nne na juu ya mikorosho hakuna kitu ila majani. Yeye hujibu "salama" na kuongeza mwendo. Binti yangu ananiambia nimezidi, nimwache mtu mzima apumue. Simwachi. Akitangulia kufa nitakwenda kumuuliza makaburini.

Kijiji chetu kiko katikati, ukitoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Mimi nimezaliwa upande wa Nandagala, huku nililetwa na ndoa. Mume alishatangulia mbele ya haki. Nimebaki na shamba la ufuta, mikorosho michache, na mjukuu wa kike ambaye mama yake aliniachia tangu alipoacha ziwa. Huyo mama yake, ndiye binti yangu, anapika chakula Nachingwea mjini na kuwauzia wapagazi wa maghala. Anaamka usiku, analala usiku. Mtoto wa kukaa naye mjini atamweka wapi?

Chekechea tuliijenga wenyewe. Wanawake tulifyatua tofali, wanaume wakapandisha bati, na siku ya kufungua tulipika pilau. Mwalimu tuliletewa na mwenyekiti, alikuwa mpwa wake. Kijana msafi. Shati lake lilikuwa na mistari ya pasi mikononi, nasi tulimwamini kwa ajili ya ile mistari, maana hatukuwa na kitu kingine cha kumpimia.

Ilipofika korosho, watoto wakaanza kurudi nyumbani vidole vimebabuka. Ngozi inatoka kama ya kiazi kilichochemshwa, midomo nayo ina mabaka. Anayeishi huku anajua hiyo ni nini. Ganda la korosho lina mafuta, yakikugusa yanakuunguza, na wewe ukipangusa mdomo umeuunguza na mdomo. Basi wazazi walivyoona vile walisema kitu kimoja wote: watoto wanaiba korosho za watu na kwenda kuzichoma porini. Msimu wa korosho ni jambo la kawaida, kila mtoto amewahi. Wakawachapa. Mtoto anatoka shule na vidole vimeungua, anafika nyumbani anachapwa matako. Hakuna aliyeuliza mbona wanaungua siku za shule tu, Jumamosi na Jumapili wazima.

Mimi nilijua, na nilijua kwa njia mbaya. Nilipokuwa darasa la tatu mwalimu wetu alikuwa anatupeleka kwake kubangua korosho. Moja ikapasuka motoni, mafuta yakaruka yakaingia jicho langu la kushoto. Mpaka leo jicho hilo naona ukungu tu. Yeye akawaambia wazazi wangu kwamba alinikuta naiba. Baba akamwomba radhi mwalimu. Shule nikaiacha hapo. Mwalimu huyo yuko hai, ana duka la vifaa vya baiskeli, na kila nikipita pale nafunga jicho zima ili nimwangalie na lile alilonipa.

Kwa hiyo nilipoona vidole vya mjukuu wangu, sikumuuliza ameiba wapi. Nilimuuliza nani aliwapa. Alivificha makwapani. Nikaenda shuleni sikupiga hodi. Nikakuta watoto wamekaa chini kuzunguka bati la korosho za kuchoma, kila mmoja ana jiwe lake, na mwalimu yuko kitini anasikiliza mpira kwenye simu. Magunia yalikuwa ya mjomba wake mwenyekiti. Stoo yalikowekwa, ufunguo alikuwa nao mzee wa kamati ya shule, yule anayesoma dua mikutanoni. Ndio hao watatu. Majina siandiki, lakini kwetu ukisema hivyo tu kila mtu anajua unataja nani.

Wazazi tulipoitisha mkutano, mwenyekiti alisema watoto walikuwa wanafundishwa stadi za kazi. Kabla watu wa kata hawajafika, mpwa wake alipakia godoro kwenye bodaboda akaondoka. Mzee wa ufunguo akaumwa mgongo, akawa haonekani. Nasi tukawatoa watoto wote, ndani mle wakabaki mbuzi wa jirani. Nikaapa mbele ya watu kwamba mjukuu wangu hatakanyaga pale tena.

Sasa sikiliza, kuapa ni rahisi. Binti yangu alipokuja kututembelea alinisikiliza mpaka mwisho, akalia, akanishukuru. Halafu akasema kama mtoto hasomi, hana sababu ya kukaa kijijini. Mwaka ukigeuka atamchukua mjini. Nikamuuliza akimchukua atamwachia nani. Akasema atamfungia chumbani na redio, wapangaji wenzake ndivyo wanavyofanya. Alisema hivyo huku ananitazama, na mimi nikatazama pembeni. Kumbe nilikuwa nimeapa kumpoteza mtoto, sikujua.

Na mtoto mwenyewe alikuwa amenyamaza. Zamani alikuwa anaimba mpaka chooni. Sasa anacheza peke yake nyuma ya nyumba na kuku wake, kishingo mmoja aliyenunuliwa na mama yake, hana manyoya shingoni, ana sura ya mtu aliyekopwa. Ndiye alikuwa rafiki. Akikutana na mtu mzima mjukuu wangu anaficha mikono nyuma, ingawa vidole vilikuwa vimeshapona.

Mwalimu mpya alifika wakati tunakata ufuta. Alikuja na mtu wa elimu wa kata, tukaitwa kwenye baraza la ghala la chama cha msingi. Mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, kitenge kimefungwa kwa haraka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mtu wa kata akasema ametoka Songea, ana cheti, ana moyo wa watoto. Hakuna aliyepiga makofi. Mpwa wa mwenyekiti naye aliambiwa ana moyo wa watoto. Mwalimu akatusalimia, tukaitikia kama watu walioamshwa. Akauliza kama kuna mwenye swali. Wanaume wakachora chini na vijiti.

Nikasimama mimi.

"We Mngoni," nikamwambia, "babu zako walikuja huku kuteka watoto wetu. Wewe umefuata nini?"

Mtu wa kata aliinamisha kichwa kama amepigwa. Mwalimu akanitazama, kwanza jicho zima, kisha lile lingine. Akajifuta vumbi.

"Nimefuata waliobaki," akasema. "Babu zangu waliwaona wamekonda, wakaona wawaache kwanza mle panya mnenepe."

Baraza zima likapasuka. Wanaume waliokuwa wanachora chini walicheka mpaka wakashika magoti. Hata mimi nilitaka kucheka, nikauma shavu kwa ndani. Maana sisi Wamwera na Wangoni ni watani, na mtani wako hata akutukane nini huwezi kumkasirikia. Anaweza kukaa juu ya jeneza la baba yako akadai chai. Anaweza kuingia kwako akachukua anachotaka, na wewe ukikasirika watu wanakushangaa wewe. Nilikuwa nimemtukana kwa uchungu wa kweli, nikaufunika na utani. Yeye akaupokea utani na kuuacha uchungu pale ulipo. Nilikaa chini nikiwa na hasira kuliko nilivyosimama.

Nikasema tu kwamba wa kwangu hatampata. Akasema amesikia.

Kesho yake asubuhi nafagia uwanja, nikamwona huyo anakuja. Hakupiga hodi. Akafunua mtungi wangu akanywa maji, akasema yananuka mpini wa jembe. Akakikagua chungu changu, akasema kwao hicho wanamnyweshea nguruwe. Mjukuu wangu alikuwa amejificha nyuma ya mlango, nikamwona mwalimu amemwona, lakini hakumwita wala hakumtazama mara ya pili. Akamfuata yule kishingo, akamkamata bawa, akamtia kwapani.

"Huyu mateka," akaniambia. "Akitaka kukombolewa aje mwenye kuku. Wewe bibi sikuhitaji, umezeeka vibaya."

Akaondoka naye. Kuku alipiga kelele kijiji kizima, mpaka watu wakatoka kwenye ufuta kuangalia nani anachinjwa. Nilisimama na ufagio mkononi. Ningemkimbiza, lakini kwa sheria ipi?

Mchana nikaenda kumdai peke yangu. Nikamkuta anafukuza mbuzi wa mwisho darasani. Kuku alikuwa amefungwa mguu kwenye nondo ya dirisha, anakula pumba kwenye kifuniko cha ndoo. Nikasema nimemfuata kuku wangu. Akasema haiwezekani, ameshaandikishwa, na mwanafunzi hatolewi bila mzazi.

"Mzazi ni mimi."

"Hamfanani," akasema. "Labda shingo."

Nilirudi nyumbani natukana njia nzima, na kila nikifikiri lile neno la shingo nacheka, kisha natukana tena.

Jioni mtoto alitafuta kuku chini ya ghala, nyuma ya choo, kwa jirani. Nikamwambia ukweli, kwamba kuku wake yuko chekechea. Nilifikiri atalia. Hakulia, alikaa akafikiri. Asubuhi nikamkuta amevaa gauni la Idi na amesimama mlangoni.

Basi nikampeleka, lakini sikuondoka. Nikaokota tofali, nikaliweka nje karibu na mlango, mahali ninapoona pembe zote za chumba kwa jicho moja, nikakaa. Ndani walikuwemo watoto wachache tu, wa wale wasio na mtu wa kuwaachia. Mjukuu wangu alikwenda moja kwa moja kukaa chini ya dirisha na kuku wake, mikono ameifungia kwenye gauni. Mwalimu akaita majina. Kila mtoto akiitwa anasema "yupo". Alipofika kwa mjukuu wangu, akaita, mtoto hakujibu, akapita kama amejibu. Halafu akaita: "Kishingo?" Kuku akasema kwo. Watoto wakacheka. Akasema vizuri sana, huyu amefunzwa adabu na bibi yake.

Kila siku nikawa pale na kazi yangu mapajani. Nilipembua choroko, nilimenya mihogo, nilishona mkeka, na sikumwondolea jicho. Nilikuwa naangalia mikono yake. Inashika nini, inakwenda wapi, mtoto akikosea inaruka au inatulia. Nilikuwa naangalia watoto akiwasogelea, wanajikunja au hawajikunji. Mambo haya mtu aliyesoma hawezi kukuambia, lazima uwe umewahi kujikunja wewe mwenyewe. Alijua namwangalia. Siku moja akatoka na kiti chake, akakiweka kando ya tofali langu, akaniambia nikae vizuri, mateka wake wakipata bawasiri watu wa Songea watamlaumu. Nikakikalia. Nikamwambia kiti hiki kimeoza kama meno yake. Meno yake yalikuwa mazuri, ndiyo maana nilisema.

Tukawa tunatukanana dirishani. Mimi namwambia nyimbo zake ni za kuitia kumbikumbi, yeye ananiambia mihogo naimenya kama ninayeivua nguo. Watoto wanacheka mpaka kamasi. Kuku naye akataga mle darasani, siku ya kusoma herufi. Mwalimu akanyamaza, akaweka kidole mdomoni, watoto wote wakanyamaza wakamzunguka kwa mbali, na lile yai lilipoanguka kwenye pumba mtoto mmoja akasema polepole, "Bismillah." Nani mwenye yai? Mimi nilisema la mwenye kuku. Mwalimu akasema limetagwa muda wa serikali. Tulibishana mpaka jua likawa la utosini, mwishowe likachemshwa na kukatwa vipande vidogo vya kuramba tu, kila mtoto chake.

Kijijini kukawa na maneno. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kimakonde asiyezuia ulimi, alisema kisimani, "Kuku wao kaolewa Ungonini, na bibi mwenyewe kapelekwa kuwa nlinzi wa arusi." Wanawake wakacheka, kisha wakaona aibu ni yetu wote. Mngoni mmoja ameteka kuku wa Wamwera na hakuna aliyekwenda kumkomboa? Basi siku hiyo hiyo wakaamua. Wakaja na sufuria, nyungo na miiko, wanapiga vigelegele, mbele yupo jirani yangu amejifunga kitambaa chekundu kichwani. Wengine wao walikuwa na watoto nyumbani ambao hawajarudi shule tangu yale ya korosho, na watoto wenyewe wakafuata nyuma kwa furaha ya kuona vita.

Mwalimu akasimama mlangoni na mwiko wa uji. Akauliza kama wameleta na panya wa kumhonga. Jirani yangu akamwambia apishe, wamekuja kumchukua kuku wao. Wakasukumana kwa matako, mwalimu akawa anashindwa, maana walikuwa wengi na yeye alikuwa anacheka. Mimi nilibaki kwenye kiti changu, nikasema vita hii simo, upande wangu sijui ni upi.

Waliingia. Wakasimama ghafla. Watoto walikuwa wamejipanga mbele ya dirisha, wameshikana, wamemficha kuku nyuma yao, na mbele kabisa ni mjukuu wangu. Amepanua mikono miwili, vidole vyote kumi vimetawanyika hewani.

"Hatutoi!" akasema. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia tangu msimu wa korosho. "Kuku wetu!"

Jirani yangu alishusha ungo. Aligeuka akanitafuta kwa macho, naye alijua anachonionyesha. Mtoto hakusema kuku wangu. Nikajifanya natafuta sindano ya mkeka chini ya kiti, nikakaa nimeinama kwa muda. Nilipoinuka wanawake walikuwa wamekaa chini pamoja na watoto, wanadai uji wa vita, na mwalimu anawapimia kwa kikombe cha plastiki huku anawahesabu kama mateka wapya. Wale watoto waliofuata nyuma hawakurudi na mama zao. Keshoye walikuja wenyewe, na wengine wakaja, mpaka ikabidi tofali langu liingizwe ndani, likawa kiti cha mtoto.

Lakini kumwamini bado. Nawaambia wenzangu walionizoea nikicheka: nilikuwa nacheka na jicho liko kazini. Furaha nilikuwa nayo, imani sikuwa nayo, na mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu tu.

Siku niliyokosa kwenda ni moja. Nilikwenda Nachingwea kumwambia binti yangu asimchukue mtoto, anasoma, anaimba, anajua kuhesabu hata nguo zilizoanikwa za majirani. Nilimkuta anakoroga ugali wa wapagazi, jasho linamchuruzika. Aliniambia ananiamini mimi, shule haiamini, kwa hiyo kama mimi nasema abaki, abaki. Neno hilo nilirudi nalo juu ya bodaboda limenikaa kifuani kama gunia. Mtu akikuamini wewe, na wewe humwamini unayemwachia mtoto, umesema uongo au umesema kweli?

Nilipofika uwanjani kwangu nikakuta watu. Wanaume wamesimama, jirani yangu yupo, mwenyekiti yupo pembeni na fimbo yake. Barazani amekaa mwalimu, mjukuu wangu yuko mgongoni mwake amefungwa na kitenge kama kichanga, mkono mmoja una bendeji ya zahanati kwenye vidole.

Nikaona vidole tu, sikuona kitu kingine.

Mwalimu akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakuniita mtani, wala mateka, wala bibi mzee. Aliniita mama.

"Mama, mtoto ameungua uji. Mpishi wa zamu alikwenda shambani, nikapika mimi, nikaweka sufuria karibu na mlango, ikamgusa. Kosa ni langu. Nimempeleka zahanati, nimekuja kukaa hapa mpaka urudi. Mtoto hana kosa."

Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti akakohoa. Akasema ndiyo hayo, walimu wote ni hao hao, watu walikuwa wanamsema mpwa wake bure.

"Huyu amekuja na miguu yake akakaa kwangu," nikamwambia. "Wako alipanda bodaboda."

Akatazama fimbo yake. Watu wakamwachia njia ya kuondokea, naye akaitumia.

Nikamshusha mtoto mgongoni. Nikamuuliza imekuwaje. Nilikuwa nimejiandaa kumwona anaficha mkono, nikajiambia akiuficha tu, basi, yote yameisha, namrudisha mama yake kesho. Akanisogezea bendeji mpaka puani. Akanieleza kwa kirefu, kama mtu aliyerudi safari: uji ulivyokuwa unatoa mapovu, alivyotaka kumwonyesha mwenzake, alivyopiga kelele, mwalimu alivyokimbia naye mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani na hakurudi kukichukua, nesi alivyomsifu. Mpaka alivyolia akaeleza, na jinsi mwalimu naye alivyolia. Hakupunguza kitu. Katikati ya maneno akasimama akamgeukia mwalimu amkumbushe rangi ya dawa.

Nikatazama miguu ya mwalimu. Kweli, mmoja mtupu.

Yale maneno yake yalikuwa bado yananizunguka kichwani. Mtoto hana kosa. Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele ya mama yangu akayasema. Mama amekufa hajayasikia. Watu walikuwa wananingoja, mwalimu ananingoja, ameshika ncha za kitenge chake.

"Mngoni," nikasema, "ndiyo kwenu mnakuja kuomba radhi na mguu mmoja peku? Mtu akikuona atasema umefukuzwa na mume."

Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, sauti moja. Jirani yangu akasema, "Muacheni, ntoto wa watu kachoka," akaingia jikoni kwangu bila kuniuliza, akapika chai na kumaliza sukari yote. Tukainywa barazani hapo, mwalimu kiatu chake kimeletwa na mtu wa baiskeli, anakipigapiga kutoa mchanga huku anasema chai yetu ni ya kuogeshea mbwa, kisha anaomba kikombe kingine.

Asubuhi nilivaa, nikachukua mkeka wangu wa kushona. Mjukuu wangu alikuwa ameshatoka na wenzake wawili wa jirani. Nikawafuata. Kwenye njia panda akasimama, akageuka.

"Bibi, leo usije."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ukija watu wanacheka tu, hatusomi."

Akaenda. Hakugeuka tena, na bendeji yake niliiona mpaka kwenye kona, anaipunga hewani anawasimulia wenzake habari za nesi. Nikarudi nyumbani. Nikaweka maharage motoni, nikatandika mkeka barazani, nikaushika uzi. Nikasema nijinyooshe kidogo mgongo tu.

Kilichoniamsha ni harufu ya maharage kuungua, na uso wa mtoto karibu kabisa na wangu. Jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa nyumba. Shule ilikuwa imetoka zamani, watoto wamesharudi, na mimi nilikuwa nimelala mchana mdomo wazi, kitu ambacho sijafanya tangu nikiwa msichana.

"Bibi," akaniambia kwa mshangao, "kumbe na wewe huwa unalala?"